Chumvi Haikuwa ya Kisima

Nianze na lile nililolikana. Mama yangu aliniletea mtoto wa mdogo wangu, akaniambia nilambe utosi wake. Nililamba. Nikasikia chumvi. Nikasema, "Sisikii kitu, Mama."

Uongo huo haukutokana na kukosa elimu. Nina shahada mbili, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuhariri vitabu vya shule, vya sayansi vikiwemo. Mtu asiyesoma angesema ukweli papo hapo, maana hana la kulinda. Mimi nilikuwa nalinda kikohozi changu.

Nawaandikia ninyi mnaokohoa bila kujua mnaumwa nini, na ninyi mnaolea mtoto anayekula vizuri na hanenepi. Nina ugonjwa unaoitwa sistiki faibrosisi. Mama yangu aliufahamu kabla ya daktari yeyote, ila hakuwa na jina lake. Alikuwa na ulimi tu.

Nimezaliwa Idsowe, karibu na Garsen, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni Buya. Baba alilima mahindi na ndizi kando ya mto. Jirani zetu Waorma walipopitisha ng'ombe kwenda kunywa maji, ndama waliacha njia wakaja kunilamba mikono. Watoto wengine hawakulambwa. Mimi nililambwa mpaka ngozi ikaniwasha, na nyumbani wakanibandika jina la Bibi Arusi wa Ndama. Baadaye niliolewa na mwanadamu, lakini kusema kweli ndama walinipenda zaidi.

Toka utotoni nilikuwa na mafua yasiyokwisha na kikohozi cha asubuhi. Nikiwa sekondari nilitema makohozi ya kijani, mazito, yanayovutika kama mlenda. Nilipokwenda chuo kikuu Nairobi nikasema ni baridi. Nilipoanza kazi nikasema ni vumbi la karatasi. Ncha za vidole vyangu zilivimba na kucha zikapinda kama mgongo wa kijiko, nikasema ni kuandika sana. Nilitibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa vijidudu vyake havikuonekana kwenye makohozi. Mara zote mbili nilimaliza dawa, nikashukuru, nikaendelea kukohoa.

Mume wangu alivumilia miaka sita. Mtoto hatukupata. Siku moja alihamia chumba cha pili ili apate usingizi, kisha akahamia nyumba ya pili. Nadhani huko usingizi ulikuwa mtamu zaidi.

Kitu kimoja kilinisaidia sana kukana: sikuwahi kukonda. Nina mwili wa shangazi, kamili, wa kujaza kiti. Kila aliponiuliza mtu kama ninaumwa, nilijibu, "Mgonjwa gani ana kilo themanini?"

Kazi ilipoisha nilirudi Garsen, nikapanga vyumba viwili. Ua uliofuata alikaa Buya na mkewe Esta, ambao walihamia mjini baada ya mafuriko kubomoa nyumba yao Idsowe. Mama alikaa kwao. Mchana Buya alikwenda shambani, nami nilibaki na vitabu vyangu, vilivyofanya mji mzima uniite Mwalimu. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa kwenye benchi lenye nafasi ya watu wanne, na nafasi tatu zikabaki wazi. Sikuwalaumu. Hata mimi ningekuwa na mahali pengine pa kukaa, nisingekaa karibu na kifua kile.

Kisha Esta akajifungua msichana. Walimpa jina langu, Zipora, tukawa somo mimi naye. Walimwita Zipo.

Lazima nieleze habari ya maji yetu. Visima vingi hapa vina chumvi. Sabuni haitoi povu, sufuria huota ukoko mweupe, na shati likikauka juani huonyesha ramani mgongoni. Maji ya mtoni ni matamu, lakini hubebwa kwa madumu na huhifadhiwa kwa kunywa. Kuoga, watu huoga ya kisima. Ndiyo maana mtoto akiwa na chumvi mwilini hakuna anayeshtuka. Kwingineko mama angekimbilia hospitali. Sisi tunalaumu kisima.

Mama alipombusu Zipo mara ya kwanza alijifuta midomo, akasema, "Somo yako ana chumvi."

"Ni maji ya kisima, Mama," nikasema.

"Ni maji ya kisima," Esta naye akasema.

Mama alitazama mawingu. Alingoja mvua. Ilipokuja alitega karai chini ya bati, na kwa siku mbili akamwogesha mtoto maji ya mvua matupu, akamfuta kwa leso iliyofuliwa kwa maji hayohayo. Siku ya tatu akaniletea. Hakuwa amemaliza hata darasa la tatu, na alikuwa amefanya jaribio la kisayansi safi kuliko yote niliyowahi kuyahariri.

Nilikuwa mezani. Esta alikuwa amesimama mlangoni akikamua leso.

"Lamba," Mama akasema.

"Mama, mimi si ndama."

"Lamba, mwanangu. Halafu useme."

Nikalamba. Ilikuwa chumvi kali, kama ya samaki mkavu.

"Umesikia?" akauliza. "Wewe ulikuwa hivihivi."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifunga mdomo. Kama angesema mtoto anaumwa, ningekubali. Alisema mtoto ni kama mimi. Kukubali chumvi ya Zipo ilikuwa kukubali ya kwangu, pamoja na miaka yangu yote ya baridi, vumbi na karatasi.

"Sisikii kitu, Mama."

Nikanywa maji, kikombe kizima, nikarudia kitabu changu. Mama aligusa ulimi wake kwa kidole. "Basi ulimi wangu umezeeka," akasema, akambeba mtoto akaenda.

Alifariki baada ya miezi mitatu. Alikufa akiamini ulimi wake ndio uliokosea. Hilo sina namna ya kulirekebisha, na watu wanaposema ushuhuda huponya msemaji, mimi hunyamaza.

Zipo hakukua. Alinyonya kwa pupa, baadaye akala uji kwa pupa, na bado mbavu zake ulizihesabu ukiwa mlangoni. Choo chake kilikuwa cheupe, cha mafuta, chenye harufu ya kufukuza nzi, na doa lake halikutoka kwenye nepi hata kwa maji ya moto. Alikohoa, na kifua chake kilikoroma kama kiko cha mzee.

Lawama ikamwangukia Esta. Shangazi zetu walikuja kutazama. "Maziwa anayo," wakasema, "mkono wa kulea ndio hana." Wakakumbushana kwamba kwa kina Esta, kule Kulesa, watoto wawili walifariki wakiwa wachanga. "Kwao watoto hawakai." Buya, ambaye si mtu mkali, akaanza kuwa mkali.

"Mtoto anakula kama mkulima na anabaki kama kijiti," nilimsikia akisema ng'ambo ya ua. "Unampa nini?"

"Nampa ninachokula mimi."

"Mbona wewe hukondi?"

Esta akasema, "Muulize dada yako. Naye hakondi." Sikujua alimaanisha nini. Nilikohoa ili wajue nasikia, wakaacha.

Mtoto alipofikisha mwaka na mwezi, Esta alifunga nguo zake akarudi kwao Kulesa. Alipita mbele ya dirisha langu na mtoto mgongoni. "Haya, wifi," akasema. "Haya, wifi," nikajibu. Nilikuwa na neno moja la kumzuia, nami nikalimeza.

Msimu wa joto ulipofika, joto lile la Garsen ambalo hata mbuzi hutafuta kivuli cha nguzo ya umeme, nilipigiwa simu kwamba Zipo yuko kituo cha afya, amelegea. Nilimkuta kitandani, macho yameingia ndani, shingo haina nguvu. Esta alikuwa ameketi sakafuni. Muuguzi aliyemhudumia aliitwa Sista Halima, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Chumvi ya damu imeshuka sana," akasema. "Lakini hajatapika wala hajaharisha kiasi hicho. Imekwenda wapi?"

Nikasema, "Iko kwenye ngozi."

Wote wawili walinigeukia.

"Marehemu mama yangu alisema hivyo," nikaongeza haraka. Hata pale, mtoto akiwa na dripu mkononi, niliutaja ulimi wa mama yangu na kuuficha wangu.

Sista Halima alifuta paji la mtoto kwa pamba, akapitisha kidole, akakionja. Akakionja tena. "Huu tuliusoma chuoni," akasema. "Ukurasa mmoja. Tuliambiwa ni ugonjwa wa Wazungu, tukaugeuza." Kisha akatazama mikono yangu. "Na wewe, Mwalimu, vidole hivyo vina miaka mingapi?"

Katika maisha yangu hakuna swali lililonifikia kwa upole hivyo na likaniumiza hivyo. Nikaficha mikono kwenye leso. Nikasema, "Mingi."

Alituandikia barua ya kwenda Mombasa. Huko daktari wa watoto, mwanamama aitwaye Daktari Mwanaisha, alimfungia Zipo kifaa kidogo mkononi ili kukusanya jasho, na baada yake akanifungia mimi. Jasho la Zipo lilikuwa na chumvi nyingi sana. Langu lilikuwa katikati, si la mzima wala la mgonjwa kamili. Hata jasho langu lilikuwa linakana.

Alituchorea kwenye karatasi. Kila mtu, akasema, ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kuna jeni moja ambayo kazi yake ni kujenga milango midogo ya kupitishia chumvi. Chumvi ikipita, maji huifuata. Mlango ukikosekana, ute wa mapafu hukauka ukawa gundi, na maji ya kongosho yanayosaga chakula huziba njiani. Chakula hupita kama kilivyo, mafuta yote chooni. Na kwenye ngozi, chumvi hubaki nje.

"Ukiwa na nakala moja mbovu, huumwi," akasema. "Unaibeba tu bila kujua. Ukiwa na mbili, unaumwa. Lakini ubovu haulingani. Kuna kosa linalozuia mlango usijengwe kabisa. Kuna kosa lingine ambalo mlango unajengwa, ila unafunguka nusu. Mtu akiwa na moja ya kila aina, ile nafuu ndiyo humbeba."

"Kwa hiyo ugonjwa mmoja unaweza kumkondesha mtu na kumnenepesha mwingine?" nikauliza.

Alicheka. "Unene ni wako mwenyewe. Ila ndiyo, tumbo laweza kupona na kifua kikaumwa. Na nikuambie jambo: kwa kongosho, jeni husema wazi. Kwa mapafu husema nusu. Watu wawili wenye makosa yaleyale, mmoja hupumua vizuri na mwingine hapana. Kuna moshi, kuna vijidudu, kuna kuchelewa kutibiwa, kuna mengine hatujayajua."

Kuchelewa kutibiwa. Nilitazama sakafu.

Ndipo akasema jambo ambalo sikulitarajia. Kama na mimi ninao ugonjwa huo, nisikae karibu na mtoto. Vijidudu vya mapafu yetu huweza kuhama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na vyangu ni vya miaka mingi. Hatua tatu au nne kati yetu, nje penye upepo. Tusile sinia moja. Nisimpakate.

Nilikuwa nimekaa nimemshika mguu. Nikauachia.

Daktari alitaka damu ya wazazi wote wawili ili ipelekwe maabara nje ya nchi. Esta alitoa. Tulimpigia Buya simu, akakataa. "Mimi ni mzima," akasema. "Kwetu hakuna ugonjwa huo. Watafute Kulesa." Esta alisikia kila neno. Nikakunja mkono wa blauzi yangu, nikamwambia daktari achukue ya kwangu. "Ya shangazi itafaa," akasema. "Kama imepita kwenu, itaonekana."

Tuliporudi, Esta alishuka na mtoto kwenda Kulesa, nami Garsen. Majibu yalichukua wiki nyingi. Niliishi peke yangu kama zamani, ila sasa upweke ulikuwa na sababu iliyoandikwa na daktari. Kila asubuhi nilivuta mvuke wa maji ya chumvi kwa mashine ndogo, kisha nikakohoa nusu saa nikiwa nimeinama, mpaka kifua kikatoa kila kilichokuwemo. Mara mbili kulikuwa na nyuzi za damu. Mtu aliyekimbia chumvi maisha yake yote, sasa aliivuta kwa pua.

Simu ya majibu nimeiweka mwisho, kwa hiyo wacha kwanza niseme ya leo. Zipo ana miaka minne. Hajapona, na mimi sijapona. Ugonjwa huu hauondoki, ila hukubali kushindwa siku moja moja. Kabla ya kila mlo hupewa vimeng'enya vya kusagia chakula, vilivyonyunyizwa kwenye embe lililopondwa. Maji yake hutiwa chumvi. Mama yake humpigapiga mgongo asubuhi na jioni mpaka akohoe. Mbavu zimepata nyama. Mimi humtazama kutoka mbali, upande unakoelekea upepo, naye hunipungia mkono kama abiria. Kando ya mto huu mzima simjui mwingine mwenye ugonjwa wangu, na huyo mmoja ndiye nisiyeweza kumpakata.

Namshukuru Mungu, na baada yake Sista Halima, ambaye hakuona haya kuonja. Ushauri wangu ni mfupi. Mbusuni mtoto. Akiwa na chumvi, mwogesheni maji ya mvua, mmbusu tena. Chumvi ikibaki, mtoto hanenepi na choo chake kina mafuta, nendeni hospitali mkaseme hivyohivyo, wala msiogope kuchekwa. Na bibi akisema ameonja kitu, mwaminini.

Sasa simu. Ilinikuta shambani Idsowe, saa kumi alasiri, nimempelekea Buya chai. Alikuwa anazibua mfereji wa kumwagilia mahindi. Nilipoona ni namba ya Daktari Mwanaisha, niliweka sauti juu.

"Mtoto ana nakala mbili mbovu," daktari akasema, "zote za aina moja, ile isiyojenga mlango. Mama yake ana moja kama hiyo na moja nzima. Wewe pia una moja ileile ya mtoto. Ya pili yako ina kosa tofauti, dogo. Mlango unajengwa, unafunguka kidogo. Hicho kidogo ndicho kilichokufikisha umri huu."

"Na ile nyingine ya mtoto imetoka kwa nani?"

"Kwa baba yake. Ninyi wawili mmeitoa nyumba moja."

Nikashukuru, simu ikakatika. Buya alikuwa amesimama ndani ya mfereji, maji yakimpita miguuni.

"Kwa hiyo kwa Zipo geti la mfereji halikuletwa kabisa," akasema polepole. "Kwako liliwekwa, likakwama."

"Ndiyo."

"Na mimi nina geti moja zima, ndiyo maana sikujua." Alitazama upande ambako ng'ombe huteremkia mtoni. "Dada, ndama walikuwa wanakulamba wewe tu. Mimi hawakunigusa. Nilikuwa naona wivu."

Nikafunika chai yake isipoe.

"Mpigie Esta," akasema.

"Ni mkeo."

"Nitamwambia nini? Nilimfukuza mtu kwa chumvi yangu mwenyewe."

"Utasema yako. Lakini mimi nina langu la kutangulia."

Nikampigia. Esta aliitika upesi, nikamweleza majibu yote kama nilivyoyapokea, nusu kwake na nusu kwetu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Kuna lingine, wifi," nikasema. "Siku ile Mama aliponiletea mtoto, nilisema sisikii kitu. Nilisikia."

Nikasikia kuku wa Kulesa.

"Nilikuwa mlangoni, wifi," Esta akasema. "Ulikunywa maji kikombe kizima."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini nani angenisikia mimi, na aliyesoma amesema hakuna kitu?"

Nilitaka kuomba msamaha. Kikohozi kikanitangulia, kile cha kuinamisha mtu, nikajishika kwenye mgomba huku nimeziba simu kwa leso.

"Usizibe," Esta akasema. "Acha nimpe Zipo."

Nikasikia simu ikisugua nguo, kisha pumzi ndogo, yenye kukoroma, karibu kabisa na sikio langu. Nikakohoa. Zipo akakohoa. Nikakohoa tena, naye akanijibu, akacheka. Hapo daktari hakuwa ametukataza.